Seyyid Barghash: Sultani aliyetafuta makaa ya mawe Ruvuma na kuipoteza Taveta

Mpaka unaotenganisha Taveta na Moshi haukuwekwa na Wataveta wala Wachaga. Uliandikwa katika barua zilizobadilishwa kati ya serikali za Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886. Barua hizo zilieleza kwamba mstari uanzie penye mlango wa Mto Umba, uende hadi Ziwa Jipe, uufuate ufuo wa mashariki na kulizunguka ziwa kwa kaskazini, uvuke Mto Lumi, kisha upite katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga kabla ya kuuzunguka Mlima Kilimanjaro.

Mtawala ambaye mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa amepandisha bendera yake pande zote mbili za mstari huo alikuwa Unguja. Hakushirikishwa katika mazungumzo. Aliletewa matokeo, na mwezi wa Desemba 1886 akayakubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Mtawala huyo ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar tangu 1870 hadi 1888.

Kwa wasomaji wengi jina lake huambatana na karafuu, biashara ya watumwa na jumba la Beit al-Ajaib. Ni wachache wanaofahamu kwamba ndiye anayetajwa mwanzo kabisa wa historia ya umeme wa Kenya, au kwamba alitumia fedha zake kutafuta makaa ya mawe katika bonde la Ruvuma wakati ambapo hakuna serikali ya Ulaya iliyokuwa na mamlaka yoyote huko. Si hayo tu. Sehemu mbili za himaya aliyonyang'anywa, yaani bonde hilo la Ruvuma na Ghuba ya Tungi, leo zimo katika hesabu za nishati za nchi zile zile zilizomnyang'anya.

Barghash alizaliwa Unguja mwaka wa 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyehamishia makao yake Unguja na kuanzisha mashamba ya mikarafuu. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Katika nyumba ile ya wake wengi na masuria wengi, watoto walikuwa kadhaa na urithi haukuwa na kanuni iliyoandikwa. Jambo hilo lilimtesa Barghash ujanani, na lilikuja kumtesa tena uzeeni kwa namna nyingine.

Mnamo Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki dunia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa safarini kurudi Unguja kutoka Oman. Barghash, akiwa na umri wa miaka 19, alikuwamo melini. Maiti ilipofikishwa nyumbani alijaribu kuuteka utawala usiku kabla habari hazijaenea. Hakufaulu, na kiti kikaenda kwa kaka yake, Majid.

Miaka mitatu baadaye alijaribu tena. Safari hii alikuwa na wafuasi, silaha na ngome katika shamba lililoitwa Marseille, ndani ya kisiwa. Dada yake Salme, ambaye alijua kuandika, alimsaidia kwa barua. Majid peke yake pengine asingeuzima uasi huo. Aliyeuzima ni balozi mdogo wa Uingereza pamoja na mabaharia wa manowari za Kiingereza. Barghash alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Bombay, alikokaa takriban miaka miwili.

Bombay ilikuwa adhabu, lakini ilikuwa pia shule. Aliona bandari kubwa, barabara, kazi za serikali zinazoendeshwa kwa daftari, na jinsi mji unavyoweza kuhudumiwa. Mengi aliyoyajenga Unguja baadaye yanafanana na aliyoyaona huko. Somo jingine alilipata bila kufundishwa: anayekalia kiti cha Zanzibar hukalia kwa ridhaa ya manowari zilizotia nanga mbele ya kasri.

Majid alifariki Oktoba 1870 na Barghash akatawala. Alianza kwa kujaribu kujitenga na Waingereza, ila hali haikumruhusu. Aprili 1872 kimbunga kiliikumba Unguja, kikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuzamisha meli zake. Serikali iliyotegemea ushuru wa forodha na karafuu ikajikuta haina kitu. Mwaka uliofuata mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alifika akitaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Barghash alikataa. Balozi John Kirk akamjulisha kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Haifai kumpamba kwa hilo. Alitia sahihi kwa kulazimishwa, na mashamba yake na ya matajiri wenzake yaliendelea kulimwa na watumwa muda mrefu baadaye. Watu wa bara, Wataita wakiwamo, waliijua misafara ya pwani kwa upande wake mbaya. Hata hivyo, tangu siku hiyo uhusiano wake na Kirk ulibadilika. Kirk akawa mshauri wake mkuu, na Barghash akaamini kwamba maadamu amewatii Waingereza katika suala la watumwa, wao nao watailinda milki yake. Imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka wa 1875 alizuru Uingereza kwa mwaliko wa serikali. Alipokewa na Malkia Victoria, akatembezwa katika miji ya viwanda, kisha akapitia Ufaransa. Ni mwaka huo huo ambao historia ya kampuni ya umeme ya Kenya inaanzia. Kwa mujibu wa historia hiyo, mwaka wa 1875 Sultani Barghash alipata jenereta ya kuangaza kasri lake na mitaa ya jirani. Tarehe hiyo inahitaji kusomwa kwa makini. Taa ya balbu ya Thomas Edison ilitokea 1879, kwa hiyo mwanga wowote wa umeme wa 1875 ungekuwa wa taa za tao, zile zenye mwanga mkali mno uliofaa viwanja na barabara kuliko vyumba. Aidha, watu wengi huchanganya jenereta hiyo na Beit al-Ajaib, ilhali jumba hilo la nguzo za chuma lilijengwa 1883, miaka minane baadaye.

Umeme ulikuwa sehemu ndogo tu ya mipango yake. Aliuletea mji maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, na wakazi wakaacha kutegemea visima vya chumvi. Alijenga mabafu ya Hamamni, kasri la Marhubi na la Chukwani. Alitoa sarafu zenye jina lake. Alinunua meli za mvuke zilizosafirisha mahujaji na bidhaa kati ya Unguja, Uarabuni na Bara Hindi. Mwaka wa 1877 alimpa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Lloyd Mathews, kazi ya kuunda jeshi la kisasa. Mwaka wa 1879 waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na tangu hapo habari za London zikawa zinafika kwa saa badala ya majuma.

Meli za mvuke zilihitaji makaa ya mawe, na makaa yalitoka Ulaya kwa meli za wengine. Sultani mwenye meli asiye na makaa yake ni sawa na mwenye shamba anayenunua maji kwa jirani. Kwa hiyo habari zilipofika kwamba mawe meusi yanayofanana na makaa yameonekana bara, karibu na makutano ya mito Ruvuma na Lujenda, Barghash hakuzipuuza.

Mwaka wa 1881 alimwajiri Joseph Thomson, kijana Mskoti mwenye elimu ya jiolojia aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa safari yake hadi maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Thomson alikwenda Ruvuma, akapasua mawe, akajaribu kuyachoma. Hayakuwaka. Alirudi na taarifa kwamba ni tabaka za miamba zenye lami kidogo, zisizofaa kwa tanuri la meli. Sultani alikasirika. Alikuwa ametarajia mgodi, na alimshuku mtaalamu wake. Mkataba wa kazi ukavunjika na wawili hao wakaachana kwa uchungu.

Jiolojia ilikuwa upande wa Thomson kuhusu mahali pale. Kuhusu bonde zima la Ruvuma ilikuwa upande wa Barghash. Makaa ya mawe yapo, tena mengi, ila yapo mbali zaidi magharibi, katika nyanda za juu zilizo leo ndani ya mkoa wa Ruvuma nchini Tanzania. Hakuna aliyekwenda kuyatafuta huko kwa niaba ya Sultani. Hakupata nafasi ya kutuma mwingine, kwa sababu hatari mpya ilikuwa imechomoza upande wa kaskazini.

Machi 1883 Thomson huyo huyo alipita Taita na kufika Taveta, safari hii akitumwa na Shirika la Kijiografia la Kifalme la London kutafuta njia ya kuelekea Ziwa Viktoria kupitia Umasaini. Njia aliyopita ilikuwa ya zamani. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka Mombasa, ikalikata jangwa la Taru, ikatafuta maji Maungu, ikapita Ndara karibu na ulipo sasa mji wa Voi, ikaambaa Bura, kisha ikavuka nyika hadi kwenye msitu wa Mto Lumi. Taveta palikuwa mahali pa kupumzika na kununua chakula. Wazee wa Wataveta waliuendesha mji wao wenyewe na kutoza wapitaji. Sultani wa Unguja walimjua kama mkubwa wa wale waliokuja na shanga na vitambaa. Mtawala wao hakuwa.

Katika hilo ndipo ulipokuwa udhaifu wa Barghash. Kwa miaka mingi yeye na Kirk walizungumza kana kwamba mamlaka yake yalifika hadi maziwa makuu. Misafara iliyobeba bendera yake nyekundu ilifika huko kweli. Lakini bendera ya msafara hurudi na msafara, na kati ya Mombasa na Kilimanjaro hakuwa na liwali hata mmoja, forodha hata moja, wala kambi ya askari.

Mwaka wa 1884 Mwingereza kijana, Harry Johnston, alikaa miezi kadhaa Kilimanjaro kwa utafiti wa mimea na wanyama. Akiwa huko alipata kutoka kwa wazee wa Taveta hati ya makubaliano kuhusu ardhi. Mzee wa Kitaveta aliyekubali mgeni alime na ajenge kando ya mto hakuwa akiuza nchi, kwa maana mila yake haikujua kuuza nchi. Lakini hati ile ilisafiri. Johnston aliikabidhi kwa James Hutton, mfanyabiashara wa Manchester, na kutoka hapo ikawa msingi wa madai ya kundi la matajiri wa Kiingereza waliotaka kuunda kampuni ya Afrika Mashariki. Karatasi moja ya Taveta ilipata uzito London kuliko miaka 50 ya misafara.

Upande wa Wajerumani, Carl Peters alikuwa akifanya hivyo hivyo kwa kasi zaidi. Mwishoni mwa 1884 alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya alama za dole na mikato ya kalamu za machifu. Mkutano wa Berlin ulimalizika tarehe 26 Februari 1885 bila Sultani kualikwa. Siku iliyofuata, tarehe 27, Kaizari wa Ujerumani alitoa hati ya kuzilinda nchi za Peters. Barghash alipopata habari mwezi wa Aprili alituma malalamiko Berlin kwa simu. Alisema nchi hizo ni zake na machifu hao hawakuwa na haki ya kuzitoa.

Kisha akafanya jambo ambalo angalilifanya miaka kumi mapema. Mei 1885 alimtuma Mathews na askari wapatao 180 kupitia Mombasa kwenda Taita, Taveta na Uchagani. Safari hiyo ilipita katika nchi yenye dhiki. Miaka hiyo Wataita walikuwa wamekumbwa na njaa kubwa ambayo wazee waliikumbuka kwa jina la Mwakisenge, iliyotawanya familia hadi pwani. Kwa watu waliokuwa wakitafuta chakula, askari wa Sultani wenye bendera walikuwa jambo la pili.

Hata hivyo, machifu na wazee wa Taita na wa Uchagani walikubali. Bendera nyekundu ilipandishwa, na viongozi wakatia alama kwenye hati kwamba wao ni raia wa Sultani. Mtawala wa Moshi, Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, alikuwa miongoni mwao. Majuma machache baadaye mwenzake Peters, Karl Jühlke, alifika Moshi na Rindi akatia alama kwenye hati nyingine, ya Wajerumani. Msomaji wa leo asimhukumu Rindi kwa haraka. Alikuwa na maadui milimani, na kila mgeni aliyekuja na bunduki alikuwa mshirika anayewezekana.

Mnamo Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Unguja na kuelekeza mizinga huko. Katika meli mojawapo ya msafara huo alikuwamo Salme, yule dada aliyemwandikia barua mwaka wa 1859, ambaye sasa alikuwa mjane wa Mjerumani na raia wa Ujerumani. Barghash alipewa saa chache. Alitazamia Waingereza wamsaidie. Kirk, aliyekuwa ametumia zaidi ya miaka kumi kumwambia aiamini Uingereza, alikuwa na maagizo ya kumshauri akubali. London ilihitaji urafiki wa Bismarck katika masuala ya Misri, na Zanzibar haikuwa na thamani ya kuuharibu. Sultani akakubali.

Iliundwa tume ya mipaka ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ili kubainisha nchi ya Sultani ni ipi. Yeye mwenyewe hakuwa na mjumbe mwenye kauli ndani ya tume hiyo. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Horatio Kitchener, ambaye baadaye alipata umaarufu Sudan. Tume ilipita bandari kwa bandari ikihesabu askari na forodha. Masharti yaliyoiongoza yalikuwa mepesi kuyaandika na mazito kwa mwenye mali: jambo lingeingizwa tu ikiwa wajumbe wote wamekubaliana. Kwa kuwa Mjerumani alikataa karibu kila dai la bara, kilichobaki ni kile kidogo ambacho hata yeye hakuweza kukikanusha.

Kilichobaki kilikuwa visiwa, baadhi ya miji ya kaskazini, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Maili kumi ni kama kilomita 16. Kutoka Mombasa, mamlaka ya Sultani yaliisha kabla msafara haujafika Mariakani. Voi iko umbali wa karibu kilomita 150, na Taveta zaidi ya mia moja nyingine mbele. Hati alizozileta Mathews kutoka Taita na Taveta hazikuhesabiwa. Ile ya Johnston ilihesabiwa, na ndiyo sababu mojawapo kwamba mstari ulipita katikati ya Wataveta na Wachaga, ukaiacha Taveta kwa Waingereza na Moshi kwa Wajerumani.

Ni rahisi kusema kwamba yote yaliamuliwa na mizinga. Mizinga ilikuwepo, lakini kazi kubwa ilifanywa na sheria. Wajumbe waliuliza maswali ambayo mtawala wa pwani hakuwahi kuulizwa: ni nani anayekusanya kodi hapa, ni nani anayehukumu, kituo kiko wapi, hati iko wapi. Barghash alikuwa na heshima, biashara, lugha na dini iliyoenea kando ya njia za misafara. Hivyo havikuwamo katika orodha ya tume.

Kilichofuata kilikuwa ugawaji wa kile kidogo. Miaka kumi kabla, mwaka wa 1877, tajiri wa meli William Mackinnon alikuwa ameomba kukodishwa utawala na forodha za bara kwa miaka 70. Barghash alikuwa tayari. Mazungumzo yalivunjika 1878, kwa kiasi fulani kwa sababu serikali ya Uingereza yenyewe haikutaka mzigo huo. Tarehe 24 Mei 1887 alitoa kibali kwa chama cha Mackinnon kwa muda wa miaka 50, kuanzia Umba hadi Kipini. Chama hicho kilipewa uwezo wa kutawala, kutoza ushuru na kusimamia ardhi kwa jina la Sultani, naye akilipwa. Aliyekuwa na chaguo 1877 hakuwa nalo tena 1887. Masharti ya kibali hupimwa kwa hali ya anayekitoa siku ile ya kutia sahihi, na Barghash aliingia chumbani akiwa amekwisha kupoteza bara yote.

Kusini, Wareno nao hawakusubiri. Februari 1887 waliishambulia na kuitwaa Ghuba ya Tungi, karibu na mdomo wa Ruvuma, iliyokuwa chini ya Sultani kwa miaka mingi. Dola iliyokuwa ikilalamikiwa kuwa dhaifu kwa karne nzima ilipata nayo kipande chake.

Afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika. Alikuwa akiugua matende na kifua. Mwanzoni mwa 1888 alisafiri kwenda Oman na Ghuba kutafuta nafuu. Alirejea Unguja akiwa mahututi na kufariki tarehe 27 Machi 1888, akiwa na umri wa takriban miaka 51. Nduguye Khalifa alishika nafasi yake, na mwezi wa Septemba mwaka huo chama cha Mackinnon kikapata hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1890 Zanzibar yenyewe iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Jenereta iliishi kuliko mwenyewe. Historia ya kampuni ya umeme inaeleza kwamba mwaka wa 1908 ilinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya umeme ya kisiwa hicho. Reli ilikuwa imekwisha kupita Voi miaka kumi kabla, ikiendeshwa kwa mvuke. Mwaka wa 1922 kampuni za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa kuwa Kampuni ya Umeme na Taa ya Afrika Mashariki. Kampuni hiyo ilipata udhibiti wa ile ya Tanganyika mwaka wa 1932, ikawa inauza umeme pande zote mbili za mstari wa 1886, mpaka serikali ya Tanzania ilipoichukua sehemu yake mwaka wa 1964. Iliyobaki Kenya ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka wa 1983, na tangu 2011 inajulikana kwa wateja kama Kenya Power.

Ulaya yenyewe ilikuja kuiondoa mipaka ya nishati ndani ya nyumba yake. Mwaka wa 1951 Ujerumani Magharibi na Ufaransa, pamoja na nchi nne nyingine, ziliweka makaa ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja. Mwaka wa 1996 sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kufungua soko la umeme, na kampuni zilizokuwa na ukiritimba zikalazimika kuruhusu washindani kutumia nyaya zao. Katika Afrika Mashariki ushirika wa kuuziana umeme uliundwa 2005, ikiwa ni miaka 41 baada ya kampuni moja iliyovuka mpaka kugawanywa.

Mwaka wa 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku makaa ya mawe ya Urusi, na marufuku hiyo ikaanza kutekelezwa mwezi wa Agosti. Wanunuzi walianza kutafuta kwingine. Malori yalionekana yakisafirisha makaa kutoka mkoa wa Ruvuma, safari ya zaidi ya kilomita 600, hadi bandari ya Mtwara ambako yalipakiwa kwenye meli za Ulaya. Ni makaa ya bonde lile lile ambalo Thomson aliliacha akiwa na mawe yasiyowaka.

Ghuba ya Tungi, ambako Wareno walifyatua mizinga 1887, ndiko ulipo mji wa Palma nchini Msumbiji, na kando yake rasi ya Afungi, ambako kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies iliongoza mradi wa gesi wa mabilioni ya dola. Mradi huo ulisimamishwa 2021 baada ya wanamgambo kuushambulia mji. Gesi nyingine ya bonde hilo, inayochakatwa baharini katika mtambo wa Coral Sul, ilianza kusafirishwa Novemba 2022 wakati Ulaya ilipokuwa ikihangaika kujaza maghala kabla ya baridi. Mwaka wa 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kuhusu uvujaji wa methani ambayo masharti yake yanawahusu pia wanaouza mafuta, gesi na makaa ya mawe kutoka nje. Mzalishaji wa Msumbiji au Tanzania anatakiwa kuonyesha vipimo na hati kwa maswali yaliyoandikwa Brussels.

Beit al-Ajaib, jumba ambalo Barghash alilijenga ili lionekane na kila meli inayoingia bandarini, lilishambuliwa kwa mizinga ya Waingereza 1896 likasimama, kisha sehemu yake ikaporomoka wakati wa ukarabati tarehe 25 Desemba 2020. Mstari wa Taveta haujaguswa. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kilizinduliwa 2016, na wasafiri wanaotoka Voi kwenda Moshi hugongewa pasipoti zao hapo, mwendo mfupi kutoka Mto Lumi.